Bodi Zilizonyeshewa Njia ya Mkiwa

Wanangu mlioajiriwa juzi, na ninyi ambao bado mnasubiri barua za ajira, nawapa pole kabla ya kuwapa hongera. Kazi ya kuipangia bidhaa kifungu cha ushuru haimtaki mtu jasiri, inamtaka mwoga. Mimi nimeifanya mpaka nikastaafu, na sikumbuki siku niliyolala nikiwa na hakika kabisa kwamba kila kitu nilichokipa jina siku hiyo kilistahili jina hilo. Marehemu mume wangu alikuwa akiwaambia watu kwamba ameoa mwanamke na kitabu cha ushuru kwa mahari moja. Alikuwa akitania, ila hakukosea sana.

Sasa nipo hapa Kinyangiri, nafuga kuku na kulima alizeti, lakini nikiingia duka la vifaa vya ujenzi mkono unaenda wenyewe kwenye ukingo wa bodi. Juzi tulikuwa Nduguti na binti yangu, akanivuta pembeni akaniambia wenye duka wananitazama vibaya. Nikamwambia naangalia tu kama ni nyuzi au ni vipande. Akasema, mama, umestaafu. Ni kweli nimestaafu, ila wasiwasi haukupewa barua ya kustaafu.

Kwa wasioijua kazi, nieleze kwa kifupi. Kila kitu kinachoingia nchini kina mahali pake kwenye kitabu cha ushuru, na hapo ndipo panaposema mwenye mzigo alipe nini. Ukikiweka pasipo pake, ama serikali inaumia ama mwenye mzigo anaumia. Saruji haina matata, saruji ni saruji. Matata yapo kwenye vitu vinavyofanana, na katika vyote vinavyofanana hakuna vilivyonitesa kama bodi za kujengea, hizi mnazopigilia darini na kutengenezea makabati.

Kwa macho ya mpita njia zote ni mbao bapa za rangi ya kahawia. Kwetu sisi, ile iliyobandikwa tabaka juu ya tabaka ni plaiwudi na ina kifungu chake. Iliyoshindiliwa kwa vipande vya mbao na gundi ni chipubodi, nayo ina chake. Halafu kuna ile ya mbao zilizosagwa mpaka zikawa nyuzi, kisha zikakandamizwa. Hiyo ndiyo bodi ya nyuzi, na yenyewe siyo moja: ipo nzito na ngumu, hadibodi, ipo ya kati, na ipo nyepesi, sofutibodi, ambayo unaweza kuitoboa kwa ukucha. Enzi zile hazikulipa sawa, nyepesi ililipa pungufu. Kilichozitenganisha ni uzito kwa ukubwa wake. Unakata kipande, unapima urefu, upana na unene, unakiweka kwenye mizani, unagawanya, na jibu linakupeleka kwenye kifungu. Ukisikia hivyo unaona kazi ya mtoto wa darasa la sita, na ndivyo nilivyoona mimi pia.

Kabla ya ruksa ya kila mtu kuagiza bidhaa toka nje tulikuwa tunapumzika. Msinielewe vibaya, watu walikuwa wakipanga foleni ya sabuni na sukari, hali haikuwa nzuri. Lakini mtu wa vifungu alipumzika kwa sababu hakukuwa na cha kukipangia kifungu. Bati, vipuri vya trekta, basi. Kisha milango ikafunguliwa, na vitu tusivyovijua vikaanza kuingia kwa malori: vigae vya aina aina, milango iliyojaa hewa ndani, karatasi za ukutani, bodi zenye maandishi ya lugha ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyejua asome kutoka kushoto au kulia. Kila mwenye duka akawa mwagizaji. Mafundi nao wakaungana wakaagiza. Na kitabu chetu kilikuwa kile kile, chenye jalada lililofungwa kwa plasta ya hospitali.

Aliyenifundisha bodi ni Mzee Mbaruku, mtu wa Tanga, mfupi, mpole, mwenye miwani iliyoshikizwa na uzi. Yeye alikuwa hasomi jina kwenye karatasi za mzigo mpaka amalize kuiangalia bodi. Alikuwa akiniambia, "Raheli, jina linaandikwa na muuzaji. Ukingo haukuandikwa na mtu." Basi anavunja kona, anaisogeza kwenye mwanga, anatazama kama imechanika kwa nyuzi kama nyama iliyopikwa sana au imemeguka vipande. Anageuza mgongo wa bodi kutafuta alama za wavu, kwa sababu hadibodi za wakati ule upande mmoja ulikuwa laini na wa pili una alama za chekeche. Kisha ananusa. Akishanusa, analamba. Hilo la kulamba msiliige. Siku moja alilamba bodi yenye saruji akashinda anatema mate hadi jioni, na bado alisema amejifunza kitu.

Na mimi nilikuwa mwanafunzi wa namna gani? Niliambiwa bodi yenye saruji haidhuriwi na maji, nikaona nitaipata njia yangu mwenyewe ya mkato. Nikatumbukiza kipande kwenye ndoo ya ofisi, nikaenda kula. Kurudi, mhudumu ameshaikoroga ndoo kwa mpini wa fagio akidhani kuna mtu amemwaga uji. Ulikuwa uji kweli, mzito, wa kahawia, na sampuli tuliyokuwa nayo ilikuwa ile moja tu. Mzee Mbaruku alichungulia ndoo, akaniambia nitafute kifungu cha uji. Nilicheka na wenzangu, lakini nilipofika nyumbani nililia, maana mwenye mzigo alikuwa anasubiri nje na sikujua nimwambie nini.

Sasa nifike kwenye habari iliyonifanya nishike kalamu. Wakati huo Mzee Mbaruku alishastaafu karudi kwao, na mimi nilikuwa Singida mjini, peke yangu kwa upande wa vifungu. Ilikuwa miaka ya kupunguza watu kazini. Mtu anaaga asubuhi ana cheo, jioni anarudi ana barua. Mkuu wetu wa kituo, mtu wa Songea, alikuwa mgeni pale na naye alikuwa akihofia kiti chake. Makao makuu walikuwa wameandika kwa ukali kuhusu wanaodanganya aina ya bidhaa ili wakwepe ushuru, na walitaka kuona kesi. Kutoa maelezo ya uongo juu ya mzigo ni kosa: mzigo unachukuliwa na serikali, na mwenyewe anakwenda mahakamani. Mkuu alikuwa hajapata kesi hata moja, na kila simu ikilia alisimama kwanza ndipo aipokee.

Ulikuwa msimu wa mvua. Asubuhi moja mlinzi aliniletea kipande cha bodi mezani, kimekatwa kwenye lori lililoingia jana yake likitoka Dar es Salaam. Karatasi zilikuwa na jina la wakala wa huko, zikisema ni bodi ya nyuzi aina nyepesi. Nilivunja kona. Nyuzi. Nilipima urefu, upana na unene, nikaweka kwenye mizani, nikagawanya. Jibu likaangukia kwenye bodi za kati. Nikarudia hesabu, kwa sababu mimi hurudia, na jibu likawa lile lile. Nikaandika kwamba maelezo ya mwenye mzigo si sahihi, nikasaini, nikanywa chai.

Mkuu aliisoma akiwa amesimama. Kwa mara ya kwanza tangu ahamie nilimwona anatabasamu. Alipiga simu polisi palepale, akaambiwa askari atakuja alasiri kumchukua mwenye mzigo. Mimi sikumwonea huruma mtu huyo. Kwangu alikuwa namba tu, na namba ilikuwa imekosea kifungu.

Saa ya chakula nilitoka kwenda kununua mihogo ya kukaanga. Chini ya baraza, kwenye benchi la wenye mizigo, alikaa mwanaume mwenye kofia ya sufi ameinamia viganja vyake. Nilipita. Kisha nikasikia jina langu, lakini siyo la ofisini. Jina langu la nyumbani, ambalo Singida mjini halikujulikana na mtu.

Alikuwa kaka Elia, fundi seremala wa Kinyangiri. Huyu ndiye aliyetengeneza mlango wa mama yangu. Tumechota maji kisima kimoja, tumesoma shule moja, yeye akiwa madarasa ya mbele. Nilimwamkia shikamoo, mlinzi akitazama, akaitikia marahaba bila kuinuka. Nilijua kabla hata sijauliza kwamba benchi lile halikaliwi na mtu mwenye raha.

Kwetu huwezi kumuuliza mtu shida yake kabla hujamaliza kuamkia. Utaulizia mama, utaulizia ng'ombe, utaulizia mvua, mtama, waliokufa na waliozaliwa, na mtu akiwa ametoka safari lazima umuulize safari ilikuwaje, naye lazima akuhadithie yote. Mtu wa mji ataona tunapoteza wakati. Basi tukaamkiana hivyo kwa Kinyiramba, mihogo ikipoa mkononi. Nyumbani wazima. Mama anakohoa kidogo. Bodi zile zilikuwa za zahanati yetu, za kuweka dari kwenye wodi ya wazazi. Kanisa na msikiti walikuwa wameuza alizeti pamoja wakampa yeye jukumu, kwa sababu chini ya yale mabati mvua ikinyesha mkunga hasikiki, na kuna mama alishawahi kuambiwa asisukume akasikia asukume.

Na safari je? Ndipo akanihadithia. Lori lilizama kwenye matope karibu na Mkiwa. Wakalala hapo. Walipochoka kuchimba, tingo, msaidizi wa dereva, akafungua turubai akalitandika chini ya matairi ili yapate pa kukanyagia, na kweli lori likatoka, ila turubai lilichanika vipande viwili. Kutoka pale mpaka Ikungi mvua ikawafuata nyuma. Alihadithia hivyo akicheka kidogo, kama mtu anayesimulia ujinga wa mwenzake. Kisha akasema hajui amefanya kosa gani. Alichoandikiwa na wakala ndicho alichonunua.

Mimi sikucheka. Niliiweka mihogo kwenye benchi nikaenda uani lilipokuwa lori. Upepo wa Singida mnaujua, unakausha nguo kabla hujamaliza kuzianika, na juu zile bodi zilikuwa kavu kabisa, hata vumbi lilishazikalia. Niliegemeza shavu kwenye ile ya juu. Ilikuwa ya baridi.

Hapa mnisikilize vizuri, kwa sababu hili haliko kwenye kitabu chochote. Mkono unadanganywa na jua na upepo, shavu halidanganyiki. Kitu kikavu ukikiwekea shavu kinakuwa vuguvugu, chenye maji ndani kinakuwa baridi. Mama zetu wanapima hivyo nepi ya mtoto kabla ya kumfunga. Na nani Singida hajui kwamba kitu kilicholowa kina uzito usio wake? Mnunuzi wa alizeti anazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko ndani ya gunia, kwa sababu wapo wanaonyunyizia maji usiku ili mizani iseme zaidi. Nilikuwa nalijua hilo kabla sijajua kusoma. Kisha nikapewa meza, kitabu na mizani ya shaba, nikapima maji ya mvua ya Mkiwa nikayaandika kuwa ni mbao.

Nilirudi kwa mkuu. Nikamwambia bodi zimelowa ndani, kipimo changu si sahihi, naomba tukaushe sampuli tupime upya. Mlinzi alikuwa amefika kabla yangu.

"Nasikia umempa shikamoo," akasema. "Ni nani wako?"

"Ni kaka yangu wa kijijini."

"Wa tumbo moja?"

"Hapana. Wa kisima kimoja."

Akavua miwani. "Basi toka kwenye hili jambo, Raheli. Toka kwa usalama wako."

"Nikitoka, ile namba inabaki na saini yangu, na ni ya uongo."

Nilijua anachofikiri, kwa sababu hata mimi ningefikiri hivyo: mwanamke ameandika asubuhi, amekutana na ndugu yake mchana, amebadilika. Ofisini mtu alifukuzwa kwa kidogo kuliko hicho. Nikamwambia tutoe bodi moja katikati ya lori, pasipofikiwa na mvua, tuipime. Akasema hiyo ndiyo mbinu yao ya zamani, wanachanganya nyepesi ndani na nzito juu, au nzito ndani na nyepesi juu, na tukifuata ya katikati tutakuwa tumemsaidia mwizi. Hapo hakukosea, nimewahi kuona. Mwishoni akasema, haya, kausha hicho hicho kipande kilichopimwa, mbele yangu, mbele ya mwenye mzigo, na mizani ya ofisi. Kikibaki pale pale, mtu wako anaondoka na askari, na wewe utaniandikia maelezo ya uhusiano wenu.

Jua halikuwapo, mawingu yalikuwa yameshuka mpaka kwenye mawe ya mlimani. Tukaenda kwa Mzee Nassoro, mwoka mikate nyuma ya soko, ambaye muda ule alikuwa ameshatoa mikate na tanuri lake linapoa. Mizani tuliipakia kwenye mkokoteni, mkuu akitembea kando yake ameishikilia kama mgonjwa. Kaka Elia alifuata nyuma. Askari alitukuta huko, akapewa skonzi na chai, akakaa mlangoni. Alikuwa kijana mstaarabu, lakini pingu zilionekana kiunoni na kaka Elia hakuacha kuzitazama.

Kukausha sampuli nako kuna adabu yake. Kwanza nilikata na kutupa ukingo uliovimba, maana bodi iliyonyeshewa hutuna pembeni na kukudanganya kwenye unene. Nikapima vipimo upya. Tanuri lisiwe kali, ukiiunguza bodi inapoteza zaidi ya maji na hapo unaionea serikali. Unaiweka, unaitoa, unaipima. Unairudisha. Unaendelea mpaka uzito ukatae kushuka. Mzee Mbaruku alikuwa akisema bodi ikiacha kupungua ndipo imeacha kusema uongo.

Kipimo cha kwanza kilishuka, lakini bado kilikuwa kwenye bodi za kati. Cha pili kikashuka kidogo tu. Nilianza kuwaza labda shavu langu lilikuwa la moto kwa sababu ya jua la asubuhi, labda wakala wa Dar alimdanganya kaka Elia kweli na bodi ni za kati, na mimi nimemchelewesha mtu pingu zake kwa saa kadhaa huku nikijifungia zangu. Mkuu alikuwa akitazama saa. Kaka Elia akaniuliza kwa Kinyiramba kama kuna mtu wa kumpelekea mke wake habari endapo itabidi. Mkuu akataka kujua amesema nini. Nikamtafsiria. Mkuu akageuza uso akatazama mikate.

Mzee Nassoro ndiye aliyesema tanuri limepoa mno. Akaongeza kuni mbili nyembamba, akatia mkono ndani kuonja joto kama afanyavyo kwa mikate, akasema sasa. Tukarudisha kipande. Mvua ikaanza kugonga bati, na nilipokitoa mara hiyo nilikisikia mkononi kabla ya mizani. Kilikuwa chepesi. Nilikiweka, mkuu akasoma mwenyewe, akagawanya mwenyewe kwenye karatasi ya kufungia skonzi. Bodi nyepesi. Tukairudisha, tukapima tena, uzito ukakataa kushuka. Bodi nyepesi. Kwa kuwa mkuu alikuwa mtu wa haki pamoja na hofu yake, akaagiza sasa ile ya katikati ya lori itolewe, ipimwe. Ikatoa karibu jibu lile lile.

Alimwambia askari aende tu. Kisha aliichukua ile karatasi yangu ya asubuhi akaichana, akaniambia niandike nyingine. Kesho yake alipita mezani kwangu akauliza, bila kunitazama, hilo la shavu linafanywaje. Nilimwonyesha. Watu wa namna hiyo msiwadharau, hofu haimfanyi mtu kuwa mbaya, inamfanya kuwa na haraka.

Kaka Elia alilipa alichostahili kulipa. Bodi za juu ziliharibika kingo, ila fundi ni fundi, alisema atazipunguza na kuziweka mahali pasipoonekana, na dari lingetosha. Nilimsindikiza mpaka kwenye lori. Mvua ilikuwa imetulia. Tingo alikuwa amepata maturubai mawili ya kuazima na alikuwa anayafunga kwa kamba, safari hii vizuri. Nilikuwa na furaha ile ya mtu aliyeponea chupuchupu, naongea sana, namtuma salamu kwa kila mtu wa Kinyangiri, namwambia amwambie mama anywe tangawizi. Nadhani nilikuwa nasubiri anishukuru.

Alinishukuru, kwa kunishika mkono kwa mikono yake miwili. Kisha hakuuachia.

"Mdogo wangu, nikuulize, usinielewe vibaya. Ile namba ya kwanza, uliiandika hujui kama ni zangu."

"Sikujua."

"Na ulitoka nje kununua mihogo. Hukutoka kuziangalia."

"Ndiyo."

"Zingekuwa za mtu wa Tabora, ungemuuliza safari ilikuwaje?"

Mtu mwoga ana faida moja, hawezi kujidanganya kwa muda mrefu. Niliangalia lile benchi chini ya baraza. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, wanasema wazee, na benchi lile lilikuwa limekaliwa na watu misimu yote ya mvua tangu nifike Singida, na vipande vya mizigo yao vililetwa mezani kwangu na mlinzi, vimekauka juu, na mimi nikapima, nikarudia hesabu, nikasaini. Sura zao sikuzijua. Wengine walilipa wakaondoka kimya. Wengine waliondoka na askari.

"Nisingemuuliza," nikasema.

Alitikisa kichwa taratibu, bila hasira, kama mtu aliyeambiwa bei aliyoitegemea. Akaniachia mkono.

"Basi wapo wengine," akasema, akapanda lori.